Bamama ya Siku ya Ine

Bunia, tarehe 4 mwezi ya pili 2024

Kwako Bernadette, mudogo yangu wa tumbo moja,

Mbele ya yote nauliza: uko? Mugongo yako iko? Malewa yako, ile nyumba ya kuuzia chakula, iko inatoa moshi hapo Komanda? Kama uko unapumua na masufuria iko inachemuka, basi hata miye niko muzima. Juu ya afya yangu, usiulize sana. Niko sawa kamioni yenye imetoka kiwandani leo. Magoti inakunjika bila kelele, meno yenye ilibaki inatafuna nyama ya mugumu, na asubuhi batu ya avenue banashika kofia nikipita, juu ya upepo yenye naleta.

Naandika juu simu hauiwezi. Mara ya mwisho ulinikata hata sikufika fasi yenye masolo, hadisi yangu, inaanza utamu. Barua haimalize unité ya simu. Bruno, ule shofere, atakuletea hii na gari yake ya kubeba mbao. Umupatie sahani moja ya fufu, asilipe, umuambie ni miye nilisema.

Sasa habari. Ikala chini. Kama umeikala, shika meza. Yaya yako, kaka yako mukubwa, anataka kuwa relais communautaire.

Relais ni ule mutu wa avenue mwenye centre de santé, kituo ya afya, inatuma. Anapita mulango kwa mulango, anasema chanjo iko siku gani, muchemushe maji, mutoto mwenye anahara mumulete. Kwetu ilikuwa Jean-Claude njo anafanya ile kazi. Sasa Jean-Claude amehamia kwa batoto yake ku Mahagi, fasi imebaki wazi. Mama Elisabeth, ule infirmière, muuguzi mukubwa wa santé yetu, alisimama nyuma ya misa akasoma masharti. Nikasikiliza. Ilikuwa kama anasoma jina yangu.

Ya kwanza, ukuwe unakaa mu avenue. Miye nilikaa hapa wakati avenue haikukuwa na jina. Ni miye nilionesha barabara fasi ya kupita. Ujue kusoma na kuandika. Unajua sikuingia mu darasa siku moja, hata kuuliza njia. Lakini nilikuwa convoyeur wa makamioni, nilipakia na kupakua, nilisoma nyuma ya makamioni yote kutoka Kisangani mpaka Kasindi, na kamioni moja iko na maneno mingi kuliko kitabu ya mwalimu. Nyumba yako ikuwe ya mufano: choo na kifuniko, maji ya kunawa mikono, shimo ya taka, moustiquaire ya kuzuia mbu ku kitanda. Ukubali kufanya bila mushahara. Ile nilicheka. Miye nilifanyia batajiri ya makamioni kazi maisha yote, nilisha zoea.

Na ya mwisho, batu ya avenue bakuchague. Ile njo nyepesi kuliko yote. Nani hapa hanipendi?

Utaniuliza juu ya nini nataka. Nitakuambia, lakini hii fasi usiisomee batu ya malewa. Tangu muke yangu Denise alikufa, batu banakuya kwangu mangaribi kucheka. Banaikala, banacheka, banapangusa macho, banaenda kwao. Hakuna mwenye anakuya kuniuliza kitu. Mutoto akiwa na homa, mama yake anapita mbele ya mulango yangu mbio, anaenda kuuliza kwa mwingine. Nataka siku moja asimame kwangu.

Salimia masufuria.

Yaya yako mwenye hana wa pili,
Edouard


Komanda, tarehe 11 mwezi ya pili 2024

Kwako Yaya Edouard,

Salamu mingi. Mugongo inauma, masufuria inachemuka, namushukuru Mungu kwa yote mbili. Bruno alikula sahani mbili. Alisema weye njo ulisema mbili.

Barua nilisomea batu ya malewa, vile tumezoea. Fasi ya kofia na upepo, shofere mumoja wa Mambasa aliangusha kijiko. Fasi ya Denise sikuisoma.

Yaya, niko na maulizo. Kile choo. Nilikuya kwa matanga ya Denise, choo yako haikukuwa na kifuniko, ilikuwa na masolo. Ulisema mukubwa mumoja wa Kinshasa aliona kile kifuniko akakipenda, akabeba akatengeneze meza. Utamuambia Mama Elisabeth ile?

Ingine ni hii. Unaandika uko kamioni ya mupya. Unaandika vile kila mwaka. Ule mwaka mapafu ilikulalisha, uliniandikia kama unashindana mbio na ngombe. Ukweli nilisikia kwa bashofere, na kufika kwangu nilikuta umesha pona. Basi salamu yako naisoma sawa nasoma tangazo ya pombe ku ukuta. Inapendeza macho. Haiambii mutu kitu.

Relais ni kazi ya mudomo, na mudomo uko nayo, hakuna mwenye atakatala. Lakini ile ni mudomo yenye ikisema "kesho", batu banaamuka kesho. Yako ikisema "kesho", batu banasogeza kiti karibu. Ufikiri pale.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Mudogo yako,
Bernadette


Bunia, tarehe 3 mwezi ya tatu 2024

Kwako Bernadette, mutoto wa mama yangu, mwenye ulimi yake inakata bila kisu,

Nasikia uko unapumua, na miye niko. Leo asubuhi niliinua jiwe ya kusagia na mukono moja nikitafuta kiatu yangu chini yake. Afya ni hiyo.

Nimesoma maulizo yako na nimekasirika mpaka nikalala usingizi. Choo iko na kifuniko. Unakumbuka ile capot, kifuniko ya motere ya kamioni yetu ya zamani, yenye nilibeba ku mugongo kutoka Komanda? Usiseme ni punda. Punda alikuwa nyuma yangu, anachoka kuniangalia. Ile capot nimeikata, nimeiwekea mukono ya mulango. Ukienda ku choo yangu sasa unafungua motere. Shimo ya taka nimechimba ndefu hivi; nilisikia chini batu banasema luga ingine.

Maji ya kunawa njo umbea ya avenue yote. Wengine banatundika bido ya maji na kamba, unakanyaga kimuti, maji inatoka kidogo. Miye niliweka pedali ya frein, ile ya kusimamisha kamioni. Pedali ya kweli, ya chuma. Ukikanyaga sawa mutu wa kawaida, maji inatoka sawa mutu wa kawaida. Mama Elisabeth alikuya kukagua nyumba, akakanyaga sawa mutu mwenye ameona ngombe mu barabara. Maji ilimunawisha mpaka ku kitambaa ya kichwa. Nikamuambia: "Mama, kwa Edouard hatunawi mikono tu." Akapangusa uso, akaandika. Nafikiri aliandika vizuri.

Moustiquaire alisema iko na tundu. Nikamuambia ni ya kutokea. Imeshonwa.

Ile ya kusoma, alinipatia karatasi ya mapicha yenye marelais banatumia. Nilisoma bila kukwama, mpaka jina ya imprimerie yenye iliichapa, kule chini. Akasema: "Papa Edouard, unasoma hata yenye haikuandikwa." Niliona iko sifa.

Siku ya Mungu yenye inakuya batu bote banakutana mu lupango, kiwanja ya chapelle, kwa kuchagua. Tuko babili, miye na mutoto mumoja mwanamuke anaitwa Falone, wa cherehani pale kona. Namuonea huruma.

Andaa samaki ya kukauka ya sikukuu.

Yaya yako, karibu relais,
Edouard


Komanda, tarehe 29 mwezi ya tatu 2024

Kwako Yaya Edouard,

Salamu. Siye huku tuko. Barabara ilifungwa kidogo, imefunguka, bashofere banakula tena.

Siku ya Mungu imepita, na ingine, na ingine. Bruno amepita hapa mara nyingi na mikono mitupu. Anasema hata ku parking ya makamioni haukuye tena. Weye kunyamaza si tabia, ni ugonjwa. Andika.

Mudogo yako,
Bernadette


Bunia, tarehe 2 mwezi ya ine 2024

Kwako Bernadette, mudogo yangu,

Mugongo yako namna gani? Miye niko sawa simba mwenye amelala. Simba akilala haiko mugonjwa, iko anafikiri.

Mukutano ilikuwa. Lupango ya chapelle ilijaa, wengine balipanda ku ukuta. Falone akasimama wa kwanza. Ni mutoto mwembamba, akisema maneno tatu anaomba ruhusa ya ine. Akasema: "Miye ni Falone. Munanijua. Nitapita kwenu." Akaikala. Nikawaza: maskini, nitamuacha abebe megafone.

Kisha miye. Bernadette, nilisema. Niliwapatia ile ya boa ya njia ya Mambasa, yenye ililala katikati ya barabara, siye tukafikiri ni barrière ya polisi, tukashuka na makaratasi ya gari mukononi. Nikafanya sauti ya patron wa kamioni, nikafanya sauti ya boa. Mama mumoja alijimwangia maji juu ya kucheka. Makofi ikafukuza mbuzi ya padri.

Halafu Mama Elisabeth akasema kila mutu aende asimame nyuma ya ule mwenye anachagua. Batu bakapita mbele yangu. Bananipiga ku bega, banapangusa macho, banasema "Papa Edouard, utatuua weye," na banaendelea mpaka nyuma ya Falone. Bote. Nyuma yangu alibaki muzee mumoja. Kisha akauliza kama huku njo njia ya choo.

Mama Elisabeth akauliza batu juu ya nini. Vicky njo alijibu. Vicky ni jirani yangu wa ukuta moja, mama ya Orly, kale katoto kenye kananivuta ndevu. Akasema: "Mama, Papa Edouard tunamupenda. Lakini siku atasema surua iko mu avenue, siye tutaikala tungoje fasi ya kucheka."

Hakusema na ubaya. Alisema sawa mutu anasema mvua itanyesha. Ile njo iliniuma.

Ulisema kunyamaza kwangu ni ugonjwa. Nilikuwa natafuta namna ya kuigeuza ikuwe ya kuchekesha mbele nikutumie. Nilipata ya muzee na choo tu.

Sasa sikiliza. Avenue inatakiwa marelais babili, na bila mushahara hakuna mwingine mwenye alitaka. Mama Elisabeth akaniita pembeni. Akasema nitakuwa mu majaribu. Chanjo ya surua inakuya mwezi hii. Falone atafanya mukono moja, upande moja ya avenue, miye ingine. Ku kila mulango useme vitu tatu: siku, fasi, na batoto gani. Kisha unapiga alama ya craie, ile chaki ya mwalimu, ku mulango, unaenda. "Nitapita nyuma yako," akasema, "nitauliza batu Papa Edouard alisema nini. Kama bananirudishia vile nilikupa, utavaa gilet, kile kikoti ya marelais. Kama hapana, utabaki na kiti yako ya masolo."

Vitu tatu. Miye mwenye nilikumbuka mizigo ya kamioni nzima na majina ya bamama benye ile mizigo. Ni kazi ya mutu mwenye analala.

Yaya yako,
Edouard


Bunia, tarehe 28 mwezi ya ine 2024

Kwako Bernadette,

Nakusalimu. Niko tu.

Nitaeleza vile ilikuwa, na usisome kwa sauti.

Chanjo ilikuwa siku ya pili kisha siku ya Mungu, mardi, mu lupango ya masomo, ile shule ya pale chini. Batoto bote benye bako chini ya miaka tano. Njo vitu tatu ile. Nilianza kwa Vicky. Nikasema siku ya pili, nikasema masomo, nikasema batoto. Vicky akasimama na mufuniko ya sufuria mukononi, ananiangalia. Anangoja. Orly hata yeye anangoja. Bernadette, unajua ile macho. Ni kama mutu amekupatia kiti, na weye unakatala kuikala.

Nikawapatia kidogo. Niliwapatia ile ya kisanduku ya vaccin, dawa ya chanjo. Wakati ile gari yetu ilizama mu matope ngambo ya Komanda, barafu inaanza kuyeyuka, daktari analia ku cabine, na miye nikashuka, nikabeba kisanduku ku kichwa, nikatembea mu matope mpaka kifua, kutoka asubuhi mpaka jua inalala. Siku ya ine ile, jeudi. Nakumbuka vizuri juu ilikuwa siku ya soko, bamama ya soko balipanga mustari banapiga vigelegele. "Siku ya ine," nikasema, "batoto yote ya ile muji balipona." Vicky akacheka, akapiga mikono. Nikapiga craie, nikaenda mulango ingine. Huko pia ile macho. Kufika mwisho ya avenue, kisanduku ilisha kuwa mbili na matope ilifika ku shingo.

Siku ya pili ikafika. Bamama ya Falone balikuya. Ya mukono yangu, hakuna hata mumoja. Niliikala mu lupango ya masomo na megafone yenye santé ilinipatia, nikasema mu roho: banajua kunichukia, hawa batu.

Siku ya ine, jua imesha panda, nasikia kelele ku mulango. Natoka. Bamama yote ya mukono yangu. Batoto banaoga, banapakaa mafuta, banavaa nguo ya misa. Vicky mbele, Orly ku mugongo.

"Papa, tumetoka ku masomo. Mwalimu anatufukuza, anasema hakuna chanjo."

"Chanjo ilikuwa siku ya pili."

"Ulisema siku ya ine."

"Nilisema siku ya pili, Vicky. Kwako, hapo ku mulango."

"Siku ya ine njo uliibeba ku kichwa," akasema. "Bamama ya soko balipiga vigelegele. Tulisikia siye bote."

Wengine bakaitikia. Hakuna mwenye alicheka. Mumoja alikuwa amefunga duka yake ya sabuni juu ya kuya.

Mama Elisabeth alipita mangaribi. Alikuwa amesha uliza mulango kwa mulango, na kila mulango ilimurudishia kisanduku, barafu, daktari anayelia. Hakukasirika na sauti. Alinyosha mukono, nikamurudishia craie. Akasema equipe ya chanjo imesha enda ku Bambu, haitarudia leo wala kesho. Batoto ya mukono yangu baletwe ku santé siku ya chanjo ya kawaida. "Urudie kila mulango. Useme ile tu."

Nilirudia. Wengi balikubali. Kwa Vicky nilikuta kufuli. Ameenda Bogoro kuvuna maharagi ya mama yake, na Orly.

Yaya yako,
Edouard


Komanda, tarehe 6 mwezi ya tano 2024

Kwako Yaya,

Salamu ya mudogo yako. Mugongo iko vile iko. Hujaandika kitu juu ya afya yako mu ile barua, hata uongo. Nimeona.

Sikuisomea mutu. Niliisoma nikipika mboga, na mboga ikaungua juu ya ile fasi ya batoto kuvaa nguo ya misa.

Yaya, siye bote tulikosea, na miye wa kwanza. Nilisema batu hawakuamini. Vicky alisema vile ku mukutano, na weye ile ilikuuma. Kumbe banakuamini mpaka banaosha batoto, banafunga duka, banakuya bote. Hata Falone hakuleta bote. Balikuamini fasi ya bamama ya soko. Ile fasi yenye uliongeza, njo walishika, juu ile njo ulisema na roho yako. Ya siku ya pili ulisema sawa mutu anatema mate.

Na ile kisanduku. Nilikuwa Komanda ule mwaka. Ilikuwa kisanduku ya samaki, na shofere njo aliibeba. Weye ulikuwa mbele, unaimba. Haina kitu. Mbele ya sahani ya fufu, iko masolo muzuri, na nitaiomba tena. Ku mulango ya mutu mwenye iko na mutoto, haina fasi.

Nakuomba kitu moja. Andikia miye barua yenye hauongeze kitu. Salamu pia. Zaidi salamu. Kama uko muzima, sema muzima. Kama hauko, sema. Ukiweza kwa mudogo yako, utaweza ku mulango.

Usikimbie. Niko nangoja.

Mudogo yako,
Bernadette


Bunia, tarehe 16 mwezi ya sita 2024

Bernadette,

Muguu ya kushoto imevimba tangu mwezi ya tatu. Asubuhi kiatu haiingie. Sikio ya kuume haisikie vizuri. Nakula mara moja kwa siku, juu ya uvivu ya kupika. Zingine iko muzuri.

Niliandika hii barua mara nyingi. Zile zingine nilichoma.

Vicky alirudia kutoka Bogoro. Orly alikuwa na moto mu mwili, macho mwekundu, anakohoa. Kisha upele ikaanza nyuma ya masikio, ikashuka ku uso. Vicky alichemusha majani ya kumupakaa, akafunga dirisha. Aliniita miye. Sijui juu ya nini miye. Nilikuwa karibu.

Nilisimama ku mulango yake. Nilisema: "Hii ni surua. Umupeleke ku santé sasa hivi. Usipite naye fasi ya batoto wengine."

Vicky aliniangalia. Alikuwa anangoja. Ilinifikia ku ulimi. Nilikuwa nayo ingine, ya muzuri kuliko ya kisanduku. Niliimeza. Kuku ya jirani ilikuwa inalia.

Akasema: "Papa, ni hiyo tu?"

Nikasema ni hiyo tu.

Pale akaanza kulia. Akamubeba Orly, akaenda. Hakufunga mulango. Nilifunga miye.

Orly alilala ku santé mpaka moto ikashuka. Amerudia. Anakula. Jicho moja inatoa maji bado, na Mama Elisabeth hajui kama itakuwa vile ilikuwa. Ndevu hajaivuta tena. Anaikala tu ku magoti yangu.

Kama Vicky angalisikia siku ya pili, mutoto hangalipata. Falone hakusema ile. Mama Elisabeth hakusema. Vicky mwenyewe hakusema. Mutoto mumoja wa mukono yangu njo alipata, na ni ule.

Baada ya pale nilipita tena milango yote. Nilisema mutoto mwenye iko na moto na macho mwekundu apelekwe ku santé. Mama Elisabeth alipita nyuma yangu akauliza. Balimurudishia ile.

Jana alinipatia craie, na gilet. Gilet iko kubwa.

Mangaribi batu banakuya bado. Nawapatia ya boa, banacheka. Wakisha kwenda, nyumba inanyamaza. Tangu Denise iko vile.

Yaya yako,
Edouard


Komanda, tarehe 19 mwezi ya sita 2024

Yaya,

Niko. Mugongo inauma.

Bruno alileta barua saa ya chakula. Batu ya malewa kuona karatasi tu, bakasogeza viti. Nikasoma na macho. Nikageuza nione kama kuko fasi ingine nyuma. Hakukuwa. Bakauliza: muzee anasema nini? Nikasema anasalimia.

Nimeamini yote, hata sikio.

Malewa nimeachia Françoise wa ngambo ya barabara, atapika mpaka nirudie. Hii barua Bruno hataikuletea. Nitaileta miye. Nitakupatia ku mukono, utaisoma na miye niko hapo ku mulango, na samaki yangu, na dawa ya kupaka ile muguu. Utaisoma pole pole. Kisha tutaenda kwa Vicky nimuone ule mutoto.

Kifuniko ya choo nitaikagua miye mwenyewe.

Mudogo yako,
Bernadette